Tufa, travatini, chokaa ya ziwa au kankari: jiwe jeupe la bondeni kwako ni lipi, na ulipe kazi gani?

Swali huja na picha ya simu. Jiwe jeupe liko kiganjani, nyuma yake unaonekana mto au korongo kavu, na chini yake maneno machache: "Kaka, hii si chokaa hii? Tuichome, tuwauzie wa kiwanda, au tuisage tumwage shambani?"

Mara nyingi muuliza anakuwa amepatia: ni chokaa kweli. Kinachobaki ni kujua chokaa gani. Mabonde ya mito yetu huzaa mawe ya chokaa ya maji matamu ya namna nne, na kila moja lina kazi linayoiweza na kazi linayoiharibu. Nasema maji matamu, sisemi maji baridi, kwa sababu moja kati ya hayo manne huzaliwa na maji yanayounguza.

Mtu wa pwani hana kitendawili hiki. Jiwe lake ni la matumbawe, limejengwa na wadudu wa bahari, na kazi zake zilishajulikana tangu zamani: nenda Kilwa, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja uone kuta. Wa bara hana bahari. Chokaa yake imeletwa na mto, chemchemi, ziwa au udongo wenyewe, na kwa hiyo kabla ya kuliuliza jiwe ni lazima ayaulize maji.

Chupa ya soda

Mvua inapopenya kwenye udongo wenye mizizi na vijidudu vinavyopumua, inabeba hewa ukaa. Katika hewa tunayovuta, hewa ukaa ni kama asilimia 0.04 tu, ndani ya udongo wenye uhai huongezeka mara kumi, hata mara mia. Maji yakishaibeba yanageuka tindikali dhaifu. Yakipita kwenye mwamba wenye kalsiamu, iwe marumaru ya kale au majivu ya volkano, yanauyeyusha kidogokidogo na kuondoka nao. Kwa macho ni maji safi kabisa. Anayejua siri yake ni mama anayeyachota kila siku: sabuni haitoi povu, na birika linaota ukoga mweupe mgumu ndani.

Ukoga huo ndio jiwe letu. Kalsiamu hukaa ndani ya maji muda wote hewa ukaa ipo nayo, kama soda inavyotulia chupa ikiwa imefungwa. Ukifungua kizibo hewa inatoka, na kalsiamu, ikikosa wa kuibeba, inatua kwenye chochote kilicho karibu: jiwe, jani, mzizi, gamba la konokono. Tofauti ya mawe yetu manne ni nani aliyefungua chupa. Maporomoko yaliitikisa? Ilitoka kilindini ikiwa na moto na mgandamizo? Mwani wa ziwani uliinywa hewa polepole? Au jua lilikausha maji yenyewe, likabakiza mashapo chini?

Tufa: jiwe lililovaa majani

Tufa ni mtoto wa chemchemi za kawaida, zenye maji yasiyo na joto la pekee, na mito inayoruka miamba. Maji yakitulia, hewa ukaa hutoka kwa uvivu. Yakianguka na kupasuka matone, inatoka kwa kishindo. Ndiyo maana tufa haikusanyiki popote mtoni. Inakaa penye maporomoko na vikwazo. Mimea midogo ya kijani inayovaa miamba yenye unyevu kama zulia husaidia: inavuta hewa ukaa kwa ajili ya chakula chake, na vilevile inatoa nyuzi elfu ambazo chokaa inazishika. Mmea unafunikwa, unaota juu ya kaburi lake, unafunikwa tena. Vunja kipande cha tufa utaona mabomba ya matete, alama za majani, mashimo ya vijiti vilivyooza zamani. Ni jiwe jepesi kama sifongo.

Lina tabia moja inayonifurahisha kila nikiiona. Kizingiti kidogo mtoni kinayafanya maji yaruke; maji yakiruka yanaacha chokaa; chokaa inakiinua kizingiti; maji yanaruka zaidi. Mto unajijengea bwawa bila fundi. Maziwa ya Plitvice huko Kroatia, yaliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, ni mlolongo wa mabwawa ya namna hiyo, na kuta zake bado zinakua, kiasi cha sentimita moja kwa mwaka mahali zinapostawi. Maziwa ya Band-e Amir katika milima mikavu ya Afghanistan, hifadhi ya kwanza ya taifa ya nchi hiyo tangu 2009, yamezuiwa na kuta za aina hiyohiyo.

Kwetu Afrika tufa imetuachia kitu kingine: kumbukumbu. Mwaka 1924 wachimba chokaa wa machimbo ya Buxton, karibu na Taung huko Afrika Kusini, walilipua mwamba katika tufa iliyotiririka zamani kutoka kwenye genge la Gaap, likatoka fuvu la mtoto. Mtaalamu wa anatomia Raymond Dart alilitangaza mwaka uliofuata kwa jina la Australopithecus africanus, jamii ya kale sana ya ukoo wa binadamu. Na Olduvai, karibu na pale Mary Leakey alipookota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, wanajiolojia wamekuta chokaa ya chemchemi ya maji matamu ya umri wa kama miaka milioni 1.8. Ni ushahidi kwamba pembeni mwa ziwa la chumvi palikuwa na mahali pa kunywa. Mnyama alifuata maji, na binadamu wa kale akamfuata mnyama.

Haya si mapambo ya hadithi. Ukichimba tufa na kuona mifupa au vipande vya mawe vyenye makali yaliyochongwa, simama, usiendelee na sururu. Toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.

Sasa kazi yake. Tufa ikitolewa ingali na unyevu hukatwa kwa msumeno, kisha ikikauka inakuwa ngumu. Kwa ukuta mwepesi, kwa bustani, kwa kupandia maua, sijaona jiwe la bonde linaloishinda. Kwa chokaa ya kuchoma inafaa pia, mradi haijajaa tope. Matundu yake hupitisha joto vizuri tanurini. Udhaifu wake ni wingi. Tufa hukaa vipande vipande, lundo hapa na lundo kule, nene penye maporomoko na nyembamba ghafla hatua chache mbele. Mtu anayeona ukuta mweupe wa mita nane na kukadiria kwamba mlima mzima uko hivyo atanunua mashine ya kusaga na kubaki nayo.

Kuna jambo zito zaidi. Tufa yenye maji yanayopita juu yake iko hai. Ukiivunja, bwawa lililo nyuma yake linashuka, chemchemi inahama, na jirani wa chini anakosa maji kiangazi. Kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au chanzo cha maji pale zinapoweza kuviharibu. Tufa hai karibu yote iko ndani ya mita hizo. Kwa hiyo ushauri wangu ni mfupi: tufa hai iache, au igeuze kivutio cha wageni. Tufa iliyokufa, iliyoachwa juu ya kilima na mto uliohama zamani, hiyo tunaweza kuizungumza.

Travatini: chupa iliyofunguliwa kilindini

Watu wengi huita travatini na tufa kitu kimoja, na hata vitabu hugombana juu ya mpaka wake. Mimi hutumia kipimo kilekile: hewa ukaa ilitoka wapi? Ya tufa ilitoka kwenye udongo, na mizizi. Ya travatini hupanda kutoka chini kabisa, kwenye joto la volkano na nyufa za ardhi, ikiwa imebanwa. Maji yakifika juu, shinikizo linaisha mara moja, na chokaa inamwagika kwa kasi ambayo mmea hauwezi kuifikia. Kwenye mdomo wa chemchemi, unene wa sentimita kadhaa kwa mwaka si ajabu. Majani hayapati nafasi ya kuota humo, kwa hiyo jiwe linatoka zito, lenye mistari ya rangi ya maziwa, asali na kutu, tabaka juu ya tabaka.

Mfano mzuri uko Mbeya. Tanzania ina mito miwili iitwayo Songwe, na hata watu wazima huichanganya. Mmoja unaingia Ziwa Nyasa ukiwa mpaka wetu na Malawi. Wa pili unashuka kaskazini kwenda Ziwa Rukwa. Travatini ninayoisema iko kwenye huu wa pili, magharibi mwa jiji la Mbeya. Hapo Bonde la Ufa limepasuka, na milima ya volkano ya Rungwe na Ngozi haiko mbali. Chemchemi za moto hutoka kwenye nyufa kando ya mto, na chokaa yake imejenga majukwaa mapana, ya zamani na ya leo, mengine yakiwa na mapango wanamoishi popo kwa makundi makubwa. Kiwanda cha saruji cha Mbeya kinakula jiwe hilo. Kule Bugarama, kusini-magharibi mwa Rwanda, hadithi inajirudia: chemchemi za moto za Mashyuza, travatini jirani, na kiwanda cha saruji kando yake. Wajenzi wa viwanda hawakufuata mandhari. Walifuata chokaa katika nchi zilizo mbali na bahari.

Jina lenyewe ni la Kirumi. Warumi waliliita jiwe la Tibur, mji unaoitwa leo Tivoli, na kwa jiwe hilo wakasimamisha Koloseo, ule uwanja mkubwa wa maonyesho wa Roma. Limekaa karibu miaka elfu mbili likikanyagwa. Ukitaka jibu la haraka kama travatini inafaa kwa ujenzi, hilo linatosha.

Kwa vigae na ngazi, basi, travatini ndiyo ya kuchagua kati ya nne. Inakubali kung'arishwa, na mistari yake hupendeza zaidi ikikatwa kwa kufuata tabaka au kwa kulivuka, kila mkato una sura yake. Ina matundu, lakini makubwa machache, yanazibwa kwa saruji nyeupe kabla ya kung'arisha. Tahadhari moja kwa mwenye nyumba: ni chokaa bado. Ukiiweka jikoni, ndimu na siki zitaila na kuacha madoa yasiyosuguliwa yakatoka. Sebuleni sawa, barazani sawa, mezani pa kukatia kachumbari hapana.

Kwa kuchoma chokaa, nayo ni tamu kuliko zote. Kaboneti ya kalsiamu iliyo safi ikichomwa kwenye kama nyuzi 900 za Selsiasi hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, yote ikiwa hewa ukaa. Kilo 100 za jiwe zinatoa kilo 56 za chokaa isiyozimwa. Ukiizima kwa maji inafika kilo 74 za unga mweupe. Travatini safi hukaribia hesabu hiyo. Ile iliyojaza udongo mwekundu kwenye mapengo yake haikaribii, na hapo ndipo wanunuzi wa mawe huumia: mvua huosha uso wa nje ukabaki mweupe, ndani ni kutu tupu. Pasua kabla ya kulipa.

Uturuki wana travatini ya Pamukkale, ngazi nyeupe za mabwawa zilizo kwenye Urithi wa Dunia pamoja na mji wa kale wa Hierapolis tangu 1988. Hoteli zilizokuwa zimejengwa juu yake na kunyonya maji yake ya moto zilibomolewa baadaye, na leo mgeni hupanda miguu mitupu. Naitaja kwa sababu chemchemi ya moto yenye travatini inaweza kukulipa kwa njia mbili, na huwezi kuzichukua zote mbili mahali pamoja. Ukishalipua, hakuna wa kuja kupiga picha.

Chokaa ya ziwa: laini, pana, na yenye mtego

Hii nitaipita haraka, maana haina mengi. Mto ukiingia ziwani maji yanatulia, mwani na majani ya majini yanakula hewa ukaa, chokaa inashuka kama vumbi. Konokono wanaongeza magamba yao. Ziwa likikauka au likirudi nyuma, unabaki udongo mweupe laini uliotandazwa kwa upana, unaosagika hata kwa vidole. Ziwa Tanganyika lina mchanga wa chokaa na mabaki ya magamba kwenye baadhi ya fukwe zake. Juu ya maji ya leo ya Manyara, Natron na Magadi, kwenye fukwe za kale, kuna mawe ya mviringo yaliyojengwa na vijidudu tabaka kwa tabaka. Yanaonyesha ziwa lilifika wapi wakati mvua ilikuwa nyingi na maji hayajawa machungu.

Kwa shamba, chokaa ya ziwa ndiyo nyepesi kuandaa. Huhitaji tanuri. Watu wengi hudhani chokaa ya shamba ni lazima ichomwe. Wanakata miti, wanachoma, kisha wanamwaga unga unaounguza mikono na miche. Udongo wenye uchachu hautaki moto. Unataka jiwe lililosagwa laini tu, likafanya kazi polepole. Kipimo cha uchachu, pH, hushuka kadiri uchachu unavyozidi; kikiwa chini ya 5.5 hivi, aluminiamu huanza kuidhuru mizizi, na hapo mbolea ya dukani inaliwa bure. Pima udongo kwanza. Shamba lisilo na uchachu halihitaji chokaa hata ikiwa ya bure.

Mtego ni huu. Kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea, kilicho cheupe ufukweni kinaweza kuwa magadi. Nayo ni meupe, nayo hutoa povu kwa ndimu kama chokaa. Ukimwaga magadi shambani umeongeza sodiamu, udongo unafunga, maji hayapenyi, na itachukua miaka kuurudisha. Kuyatofautisha ni rahisi: chukua kijiko cha unga, tia kwenye glasi ya maji, koroga. Magadi yanayeyuka. Chokaa inatua chini na kukutazama.

Kankari: mtumwa wa nchi kavu

Hili ndilo jiwe la picha nyingi ninazotumiwa, na ndilo linalodharauliwa zaidi. Halina maporomoko wala mvuke. Ni vinundu vyeupe ndani ya udongo, ukubwa wa karanga, kisha wa viazi, kisha vinashikana na kuwa sakafu. Jina limetoka India, likaja na wahandisi wa barabara na reli, likabaki.

Huzaliwa mahali ambapo mvua inatosha kuyeyusha chokaa lakini haitoshi kuiosha mpaka mtoni. Maji huzama mita moja au mbili, jua linayavuta, chokaa inabaki njiani. Hiyo ni kankari ya udongo. Kuna dada yake wa bondeni: maji ya chini ya ardhi yanayofuata mkondo wa mto wa msimu hupanda karibu na uso, yanakauka, na kuacha chokaa kwa urefu wa bonde lote kama mkanda. Huyu wa pili huwa mnene zaidi na ni wa kutafuta kwa kufuata korongo. Vyote viwili havina haraka. Sakafu ngumu ya kankari ni kazi ya maelfu ya miaka, mara nyingi makumi ya maelfu.

Nyanda za majani mafupi za Serengeti zinakuonyesha nguvu yake bila kuchimba. Majivu ya volkano za upande wa mashariki, yenye kalsiamu nyingi, yalinyeshewa na kuganda kuwa sakafu chini ya udongo mwembamba. Mizizi ya miti haiivunji. Ndiyo maana nyumbu wanaona kila kitu mpaka upeo wa macho.

Kankari haichomeki vizuri. Nilikwenda mwaka mmoja kwa kikundi cha vijana waliokuwa wamechoma tani kadhaa, wakauza chokaa ya kupaka ukuta, na wateja wakarudisha mifuko: rangi ya majivu, na vichembe vilivyovimba na kudondosha plasta wiki chache baadaye. Jiwe lilikuwa na mchanga na udongo mfinyanzi uliokwama ndani yake, na tanuri lao lilikuwa na moto usiolingana. Si uchafu wa bahati mbaya. Kankari hujengwa ndani ya udongo, kwa hiyo udongo ni sehemu ya mwili wake.

Lakini udongo huohuo unageuka sifa ukibadili kazi. Saruji inataka chokaa na udongo mfinyanzi kwa pamoja, na kankari inakuja na vyote viwili vimekwisha kuchanganywa. Viwanda vya Athi River nchini Kenya vimeitumia kwa muda mrefu, pamoja na mawe mengine ya chokaa yaliyo safi zaidi. Kwa barabara za vijijini ni mali halisi: ikishindiliwa ikiwa na unyevu hushikana na kuwa ngumu kuliko moramu nyingi. Botswana na Namibia wamejenga nayo barabara kwa miongo mingi. Kama unatafuta kifusi cha kuweka juu ya njia ya shamba au uwanja wa shule, acha kuota tanuri.

Jambo moja kwa wa Manyoni na Bahi: katika mabonde yale madini ya urani yamekutwa ndani ya kankari, kwa sababu maji yaliyobeba kalsiamu yalibeba na urani kutoka kwenye matale ya jirani. Hii haimaanishi kila kankari ni hatari. Inamaanisha kwamba huko, kabla ya kujengea nyumba au kusaga kwa wingi, sampuli ipite maabara.

Basi uchague lipi?

Nikilazimishwa kuyaweka ubavu kwa ubavu, ningepanga hivi. Anayetaka chokaa nyeupe ya kupaka na plasta, atafute travatini kwanza, tufa iliyokufa pili, na asiguse kankari. Anayetaka vigae ana travatini tu. Nyingine tatu zitamvunjia msumeno au moyo. Anayetaka jiwe jepesi la bustani achukue tufa. Mkulima mwenye udongo wa uchachu hana haja ya kuwa na makuu: chokaa ya ziwa ikiwa jirani, la sivyo chenga za machimbo ya travatini, ambazo wenye machimbo huzitupa. Gharama ya chokaa ya shamba ni usafiri zaidi ya jiwe. Kilicho safi sana lakini kiko kilomita mia mbili kitashindwa na kilicho nusu safi nyuma ya kilima.

Kwa anayefikiria kuuza kwa wingi, umbo la akiba lina uzito kuliko weupe. Tufa ni fungu, travatini ni jukwaa linalofuata ufa, chokaa ya ziwa ni mkeka mpana usio mnene, kankari ni ukoko wa mita chache unaofuata bonde. Mkeka na ukoko huonekana vikubwa vikitembelewa kwa miguu, lakini mnunuzi atauliza unene. Chimba mashimo matano, sita, kwa mstari unaovuka bonde na si kufuata mto tu, kabla ya kuomba leseni ndogo ya uchimbaji.

Mwanafunzi anayechagua mahali pa kufanyia utafiti wa hali ya hewa ya kale ana hesabu nyingine. Tufa na chokaa ya ziwa hutunza majani, magamba na mabadiliko ya mvua. Travatini inasema zaidi habari za nyufa na joto la chini. Kankari inachanganya miaka mingi ndani ya kinundu kimoja na ni ngumu kuisoma. Na ukipima umri kwa kaboni 14, ambayo hupungua kadiri kitu kinavyozeeka, kumbuka kwamba sehemu ya kaboni iliyo ndani ya jiwe ilitoka kwenye mwamba wa kale usiokuwa na kaboni 14 hata chembe. Jiwe litajisema zee kuliko lilivyo.

Kabla ya kupeleka maabara

Ukishajua kwa glasi ya maji kwamba si magadi, ndimu inatosha kuthibitisha chokaa, ukikwaruza jiwe kwanza ili upate unga. Likitoa povu kwenye unga tu na si kwenye jiwe zima, huenda lina magnesiamu nyingi, jambo ambalo wenye saruji hawalipendi na wakulima wengine wanalipenda. Usitumie maji ya betri. Mbali na kuunguza, huacha utando wa jasi juu ya jiwe, povu linakoma, nawe unadhani chokaa imekwisha.

Kupima usafi kunafanyika nyumbani. Saga, anika, pima gramu 20, tia kwenye lita moja ya siki ya dukani ndani ya chombo kisichofunikwa kwa kubana. Koroga asubuhi na jioni kwa siku kadhaa mpaka povu likome hata ukiongeza siki mpya. Chuja kwa kitambaa kizito, osha masalia, anika, pima. Yakibaki gramu moja, una jiwe la kuchoma. Yakibaki gramu nane, una kankari, na barabara ya kijiji inakusubiri.

Sampuli usichague iliyo nyeupe kuliko zote. Chukua kutoka juu, katikati na chini ya kila shimo, uandike namba kwenye mfuko. Na ukinitumia picha, rudi nyuma hatua ishirini kabla ya kubonyeza, ili mto, genge na mimea vionekane. Jiwe lililo kiganjani nitaliangalia mwisho.